Mkulima wa Kahawa Naye Anywe



Leo tuna neno juu ya kahawa. Hatutasema juu ya bei yake, wala juu ya dawa za kupuliza. Mambo hayo yana mabwana shamba wake. Twataka kusema juu ya kahawa iliyomo kikombeni, nyumbani kwako, mbele ya mgeni wako.

Nenda katika kijiji cho chote cha mlimani penye mibuni. Utaona kahawa imeanikwa juu ya vichanja, na magunia yamesimama pembeni yakingoja kupelekwa chamani. Kisha ingia ndani, ukaribishwe kinywaji. Utapewa nini? Chai. Au utaletewa kopo la kahawa ya unga kutoka dukani, ile ya kukoroga tu katika maji ya moto. Chai ni kinywaji chema, wala kahawa ya kopo haina kosa. Lakini ni ajabu kubwa. Watu hawa wamelea mti miaka mingi, wamepalilia, wamepogoa, wamechuma tunda moja moja kwa mkono, na bado hawajui ladha ya jasho lao. Mtu aliye mbali Ulaya aijua ladha ya kahawa ya Kilimanjaro. Mwenye kihamba chini ya mlima wenyewe haijui.

Kwa sababu gani? Ukiuliza, utajibiwa maneno mawili. La kwanza: "Kahawa ni ya kuuza." La pili: "Tulijaribu kuipika, ikawa chungu kama dawa." Maneno yote mawili yana jibu. Tuanze na la kwanza, maana hilo ndilo linaloleta ugomvi nyumbani.

KAHAWA NI YA NANI?

Katika Kilimanjaro habari yajulikana. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda mibuni katika misioni ya Kilema mwaka 1898, na kutoka huko mlimani ikaenea kwa wenyeji. Mwaka 1933 wakulima walikuwa wengi hata wakawa na chama chao kikuu, KNCU. Tangu mwanzo kahawa ilikuwa zao la fedha. Kwayo watu walilipa kodi, wakasomesha watoto, wakaezeka nyumba kwa mabati. Basi ikawa desturi: mibuni ni mali ya baba, migomba ni mali ya mama. Ndizi ziliingia jikoni; kahawa ilipita mlangoni ikaenda zake.

Lakini si kila mahali watu walifanya hivyo. Kule Bukoba Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla ya Mzungu kufika. Waliichemsha ingali na ganda lake, pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, kisha wakaitafuna. Mgeni alipofika alitolewa punje za kutafuna, iwe alama ya urafiki. Kwao kahawa ilikuwa kwanza neno la heshima, baadaye ikawa mali ya sokoni. Na tazameni Ethiopia, nchi ambako mbuni wa arabika ulianzia. Watu wa huko huuza kahawa nyingi nchi za ng'ambo, na hata hivyo karibu nusu ya mavuno yao huinywa wenyewe. Mama wa nyumba huikaanga mbele ya wageni, huitwanga, huipika katika chungu chenye shingo nyembamba kiitwacho jebena, na wageni hunywa mara tatu kabla ya kuaga. Hakuna aonaye kwamba mali imepotea.

Sasa baba atasema: "Nikianza kuwapa kahawa ya kunywa, nitauza nini?" Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa maneno matamu. Lataka hesabu.

Kilo 6 hivi za matunda mekundu hutoa kilo 1 ya kahawa safi, yaani punje zilizokobolewa. Kilo hiyo ikikaangwa hupungua uzito, kwa kuwa maji hutoka. Hubaki kama gramu 830. Kikombe kimoja cha chai hutaka gramu 10. Basi kilo moja ya kahawa safi ni vikombe 80 na zaidi. Nyumba inayokunywa vikombe 4 kila Dominika itatumia vikombe 208 kwa mwaka mzima. Hiyo ni kama kilo 2 za kahawa iliyokaangwa, nazo hutoka katika kilo 15 za matunda mekundu. Kilo 15 tu kwa mwaka! Baba, pima mwenyewe matunda yaangukayo chini ya mibuni na kuoza kwa kukosa wachumaji wa haraka, kisha utuambie kama kilo hizo zitaifilisi nyumba yako.

Na wewe mama, usiende kuchota kahawa gunia likiwa limelala. Twajua kwamba hufanyika. Debe moja huondoka usiku, huuzwa kwa mchuuzi kwa bei ya chini, na fedha hununua sabuni na chumvi. Mahitaji ni ya kweli, lakini siri hiyo huleta maneno mabaya siku ya kupima, na mchuuzi peke yake ndiye acheka. Afadhali mketi pamoja kabla ya msimu, mwafikiane waziwazi: mibuni hii miwili mitatu karibu na nyumba ni ya kikombe chetu. Jambo lililosemwa mchana halina haja ya kufichwa usiku.

Neno jingine moja. Nyumba nyingi zinazobakiza kahawa hubakiza takataka: matunda yaliyoelea majini, yaliyookotwa chini, yaliyoliwa na wadudu. Njema huuzwa yote, mbovu huletwa jikoni. Halafu watu hushangaa kwamba ni chungu! Ukimpikia mgeni wali wa chenga zenye mawe, je, utalaumu mpunga?

Hapo tumefika kwenye jibu la pili. Kahawa yako si chungu kwa asili. Imefanywa chungu mahali fulani katika safari yake kutoka mtini hata kikombeni. Tuifuate safari hiyo hatua kwa hatua.

1. KUCHUMA NA KUKAUSHA

Chuma matunda yaliyoiva mekundu tu. Yatie ndani ya ndoo ya maji. Yanayoelea yatoe, maana ndani yake punje ni tupu au zimetobolewa. Yanayozama yamenye siku ile ile. Kama huna mashine ya kumenya, kilo chache waweza kuzimenya kwa vidole, watoto wakikusaidia. Punje zina utelezi. Ziache katika chombo safi usiku kucha, au zaidi kidogo kukiwa na baridi kali, mpaka utelezi uachie. Zisugue, zioshe kwa maji mara mbili tatu, hata zikwaruze mkononi kama changarawe.

Kisha anika juu ya kichanja, si chini ya ardhi. Geuza mara nyingi. Funika wakati wa jua kali la adhuhuri na wakati wa mvua, na usiku pia. Usikaushie juu ya dari la jikoni, maana kahawa hunywa moshi na haiutoi tena. Baada ya siku 10 hata 14 hivi, kwa kadiri ya jua, toa punje moja, imenye ganda lake jembamba, uing'ate. Jino likiacha alama, bado. Ikiwa ngumu kama punje ya mahindi makavu, tayari.

Mkiwa na robusta mnaoikausha nzima na ganda lake, kanuni ni ile ile: nyekundu tu, kichanjani, mpaka ukitikisa usikie punje zikilia ndani.

2. KUKOBOA NA KUCHAMBUA

Weka kahawa ikiwa bado na ganda lake. Humo hukaa salama miezi kadhaa, mradi mahali ni pakavu. Koboa kadiri ya kutumia tu. Twanga polepole katika kinu, kwa kusugua zaidi kuliko kuponda, kisha pepeta katika ungo.

Sasa keti penye mwanga uchambue. Kazi hii yafaa bibi na wajukuu. Ondoa punje nyeusi, zilizovunjika, zenye matundu ya wadudu, zenye ukungu, na zile za rangi ya kahawia zinazonuka kama siki. Wahenga wamesema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndivyo ilivyo kwa kahawa: punje moja iliyooza yaweza kuharibu birika zima.

Onyo: mbegu za kupanda zilizotiwa dawa zisiguswe kabisa. Wala usitumie kopo au karai lililowahi kupimia dawa ya shamba, hata kama umeliosha mara saba.

3. KUKAANGA

Hapa ndipo kahawa nyingi hufa. Watu huwasha moto mkubwa, hutupa punje ndani, huenda kuzungumza na jirani. Kurudi, nje ni mkaa na ndani ni mbichi. Ukinywa utaonja masizi na majani kwa pamoja. Haraka haraka haina baraka.

Chukua karai, au chungu cha udongo, au kikaango kizito cha chuma. Sufuria nyembamba haifai, huunguza mahali pamoja. Kiwe safi, kisiwe na harufu ya kitunguu wala samaki. Tumia makaa yaliyokwisha kushika, bila miali ya moto. Pasha chombo kwanza, kisha tia kahawa kidogo: robo kilo yatosha, yaani kadiri ya kujaza kikombe kikubwa kimoja. Zikirundikana, za chini zitaungua na za juu hazitaiva.

Shika mwiko, wala usiuweke chini hata mwisho. Koroga daima. Na sasa tumia macho, pua na masikio:

Kwanza punje zitageuka kutoka kijani hadi manjano, na utasikia harufu kama ya majani makavu. Ni maji yanatoka.

Kisha zitakuwa hudhurungi, harufu itakuwa kama ya mkate unaookwa. Zitaanza kuvimba na kuachia ngozi nyembamba.

Halafu utasikia mlio: pa! pa! kama bisi za mahindi. Huu ni mlio wa kwanza. Kwa moto wa kiasi huja baada ya dakika 10 hivi au zaidi kidogo. Punguza moto kidogo sasa, maana kahawa imekwisha kuwa na joto lake yenyewe na huenda mbio.

Mlio huo ukiisha, kahawa yaweza kunywewa. Ukiepua hapa, utapata kahawa ya rangi ya mbao, yenye uchachu mtamu kidogo kama wa tunda. Ukiendelea dakika moja au mbili zaidi, utapata rangi ya hudhurungi iliyokoza, na ladha nzito zaidi. Hiyo ndiyo twawashauri wanaoanza.

Ukizidi kuendelea utasikia mlio wa pili, mdogo na wa haraka, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Mafuta yataanza kung'aa juu ya punje. Kahawa ya namna hii ni nyeusi na kali, wako waipendao. Lakini baada ya hapo moshi huwa mzito, na kilichobaki ni mkaa. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Kazi yote huchukua dakika 15 hata 20. Ikiisha kwa dakika 5, moto ulikuwa mkali mno. Fanya kazi hii uani au penye upepo, kwa ajili ya moshi, na watoto wadogo wakae mbali na karai.

4. KUPOZA NA KUTUNZA

Punje zikitoka motoni huendelea kujikaanga zenyewe kwa joto lililo ndani. Kwa hiyo usiziache katika karai hata nusu dakika. Zimwage kwenye ungo, zirushe, zipepete. Upepo utazipoza na makapi ya ngozi yataruka. Ndani ya dakika 4 au 5 ziwe zimepoa kabisa mkononi. Usinyunyize maji.

Je, waweza kuipika mara moja? Waweza, lakini subiri kwanza. Kahawa iliyotoka motoni imejaa hewa inayotoka polepole, na ladha yake haijatulia. Iache katika mkebe usiofungwa kabisa hata kesho yake. Ndiyo maana mama mwenye akili hukaanga Ijumaa au Jumamosi, apate kupika Dominika.

Kisha funika mkebe vizuri, uweke mahali pakavu, pasipo jua. Usiuweke karibu na mafuta ya taa, sabuni, dagaa wala vitunguu. Kahawa huvuta kila harufu. Punje zilizokaangwa hukaa njema kama majuma mawili matatu. Zikipita hapo si sumu, lakini manukato yamekwenda, na umebaki uchungu. Kwa hiyo kaanga kidogo, kaanga mara kwa mara.

5. KUTWANGA

Twanga ile tu utakayopika sasa hivi. Punje nzima ni kama chupa iliyofungwa, ukiitwanga umeizibua. Unga wa kahawa hupoteza harufu yake nzuri upesi sana, nyingi ikiwa imekwenda kabla siku haijaisha. Ukisikia nyumba nzima inanukia kahawa, ujue harufu hiyo haimo tena kikombeni.

Kinu kiwe cha kahawa peke yake, hata kama ni kidogo. Kinu cha pilipili na vitunguu saumu kitakupa mchuzi. Kwa kupika katika birika, unga uwe wa chengachenga, kama sukari ya mawe madogo au kubwa kidogo. Ukiwa laini kama unga wa muhogo, kahawa itatoa uchungu mwingi na tope litajaa kikombeni. Pitisha katika chekecheke. Zilizobaki juu zirudishe kinuni.

6. KUPIKA

Maji yawe safi, yasiyo na harufu ya moshi. Pima: vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa, si vya kurundika, kwa kila kikombe cha chai. Hivyo ni kama gramu 10. Wengi hutia kijiko kimoja, halafu huchemsha nusu saa ili rangi ikolee. Rangi hukolea kweli, na uchungu pia. Ukitaka kahawa yenye nguvu, ongeza kahawa, usiongeze moto.

Chemsha maji peke yake. Kisha yaangalie mahali ulipo. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, nayo ni makali mno. Yaepue, uhesabu hata sitini, kisha umimine. Mlimani, kwenye mwinuko wa mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, nacho ndicho kiasi kinachoifaa kahawa. Watu wa milimani, mwaona? Mmepewa mbuni, na maji yanayoufaa mmepewa pia. Mimina mara tu yachemkapo.

Suuza birika au sufuria kwa maji moto lipate joto. Tia unga, mimina maji, koroga mara moja, funika. Ngoja dakika 4. Usirudishe motoni. Kisha koroga povu la juu kidogo, nyunyiza kijiko kimoja cha maji baridi, na ungoje dakika moja zaidi. Unga utashuka chini. Sasa chuja polepole kwa kitambaa cha marekani. Kitambaa hicho kichemshwe kabla ya kutumiwa mara ya kwanza, kioshwe kwa maji matupu kila baada ya kazi, kianikwe juani; kisiguswe na sabuni kamwe.

Kahawa iliyobaki itie katika chupa ya chai. Usiirudishe jikoni kuipasha moto, maana kahawa iliyopashwa ndiyo ile ile chungu kama dawa mliyoilalamikia.

Ndugu zetu wa pwani watasema, "Mbona sisi twaichemsha, na ni nzuri?" Ni kweli. Kahawa ya pwani ni desturi nyingine. Hukaangwa ikakolea sana, huchemshwa makusudi katika dele juu ya mkaa, mara nyingi pamoja na tangawizi au iliki, nayo hunywewa bila sukari katika vikombe vidogo, pembeni pana kashata, tende au halua. Utamu wa kashata na uchungu wa kahawa hutafutana. Hiyo ni sanaa yao, na tunaisifu. Lakini anayeichemsha muda mrefu na kuinywa kikombe kikubwa kizima, asishangae tumbo likimwuliza maswali.

7. KUNYWA KWA KIASI

Onja kwanza bila sukari wala maziwa, funda mbili tatu. Baada ya hapo tia utakacho. Hatuko hapa kumkataza mtu sukari yake.

Kahawa ina kafeini, kitu kinachoamsha mwili. Robusta inayo karibu mara mbili ya arabika. Mama mjamzito asizidishe. Kikombe kimoja kwa siku kimtoshe, na kama ni robusta kiwe kidogo. Watoto wapewe maziwa au uji. Anayekunywa jioni asilaumu jogoo wa jirani kwa kukosa usingizi. Tena, kahawa ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Kwa hiyo ngojeni kama saa moja baada ya kula, na hasa walio na upungufu wa damu wazingatie hili.

ULIMI UFUNDISHAO SHAMBA

Sasa, akina baba, njooni karibu, kwani hili ni lenu hasa. Mwaweza kuona kwamba tumesema mengi kwa ajili ya kikombe kimoja tu. Lakini kikombe hicho kinaweza kuwarudishia fedha.

Kule Moshi, kabla ya kahawa kuuzwa mnadani, wapo waonjaji. Huikaanga kidogo, huisaga, humimina maji ya moto, kisha huvuta kwa kijiko kwa kelele kubwa, hutema, na kuandika. Maandishi hayo huweza kupandisha bei au kuishusha. Basi ulimi wa mtu wa Moshi waijua kahawa ya kijiji chenu kuliko mnavyoijua wenyewe. Yeye aonja; ninyi mwapokea tu habari kwamba bei imeshuka, mkaanza kumnung'unikia karani.

Mwenye kuonja kahawa yake nyumbani hupata habari mapema. Ikinuka siki au kitunguu kilichooza, ilikaa mno katika utelezi, au matunda yalilala bila kumenywa. Ikiwa na ladha ya ukungu au udongo, ilikaushwa chini au ilitiwa guniani ingali mbichi. Ikikausha mdomo kama ndizi mbichi, wachumaji walichuma na matunda ya kijani. Ikinuka moshi ingali haijaungua katika kukaanga, ilikaushiwa jikoni. Na ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kivu huijua harufu nyingine, ile ya kiazi kibichi. Hiyo huhusiana na mdudu wa antestia afyonzaye matunda mtini. Punje moja tu yenye harufu hiyo huharibu kikombe. Dawa yake yaanza shambani, kwa kupogoa vizuri na kuwinda wadudu.

Mwaona? Kila kosa lina mahali pake, na kila mahali pana mtu anayeweza kulisahihisha. Kikombe cha Dominika ni kama barua kutoka shambani. Asiyekunywa haisomi.

Kwa hiyo msimu ujao fanyeni hivi. Baba na mama mwafikiane mibuni ya nyumbani. Matunda yachumwe mekundu kama yale ya kuuza, tena kwa uangalifu zaidi. Kaangeni robo kilo siku mbili kabla ya siku ya wageni. Mara ya kwanza haitakuwa kamili. Mara ya tatu mkono utakuwa umezoea, na sikio litaujua mlio. Babu aliyechuma kahawa tangu utoto bila kuionja apewe kikombe cha kwanza. Atakaa kimya kidogo, kisha huenda akauliza kama kimebaki kingine.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni akiuliza, "Kahawa hii mmenunua wapi?" mwonyesheni dirishani mti wenyewe.

Kwa herini mpaka juma lijalo.